Huyu Mzee Alinyoa Lini?

Hotuba kwa wanafunzi wa tafsiri na wahariri, Nairobi

Mwenyekiti wa kikao, walimu wangu mlioketi safu ya mbele, wanafunzi, na nyinyi wahariri mlioziacha meza zenu alasiri hii kuja kunisikiliza: hamjambo? Itifaki imezingatiwa.

Mliniomba nizungumze juu ya kutafsiri fasihi. Mada hiyo ni bahari, nami nimepewa dakika 40. Kwa hiyo nimekuja na neno moja tu. Ni kivumishi cha Kiingereza, cha kuelezea nywele za usoni: whiskered. Nimeishi nalo miaka 12 sasa, tangu siku liliponiaibisha mbele ya darasa zima, na sidhani kuna neno lililonifundisha Kiswahili kuliko hilo.

Nilikuwa nimetafsiri riwaya ya Kiingereza ya karne ya 19 kwa ajili ya wasomaji wa shule za upili. Katika sura ya kwanza anaingia wakili mmoja mzee, mrefu, mpole, na mwandishi anamtambulisha kwa maneno matatu: a whiskered gentleman. Basi, hadithi inasonga mbele. Nilifungua kamusi nikakuta sharubu, nami nikaandika "bwana mmoja mwenye sharubu". Sikusita. Paka ana whiskers, na paka huyo huyo kwa Kiswahili ana sharubu. Nilikuwa na haraka ya kufika kwenye sentensi ngumu. Kitabu kikahaririwa, kikachapishwa, kikaingia madarasani.

Mwaka uliofuata nikaalikwa katika shule moja ya wasichana hapa Nairobi. Kidato cha pili walikuwa wamekisoma chote. Msichana mmoja aliyeketi karibu na dirisha, kitabu chake kimefunikwa kwa gazeti, akainua mkono. Akasimama, akafungua mahali alipokuwa ameweka kijiti cha aiskrimu kama alama.

"Mwalimu, ukurasa wa 12 unasema huyu mzee ana sharubu. Ukurasa wa 87 anakunywa mchuzi, tone linabaki juu ya mdomo wake mtupu, na analipangusa kwa kidole. Huyu mzee alinyoa lini?"

Darasa likanyamaza likinisubiri. Sikuwa na jibu. Nilimwahidi kwamba nitaangalia, naye akasema "asante" na kuketi, akaandika kitu pembeni mwa ukurasa.

Usiku ule niliifungua riwaya ya asili. Mwandishi hakuwa amekosea popote. Wakili wake alikuwa na ndevu za mashavuni, zinashuka kutoka masikioni hadi kwenye taya, na mdomo wake wa juu ulikuwa umenyolewa tangu ukurasa wa kwanza. Wasomaji wa Kiingereza wa wakati ule walimwona hivyo mara tu walipokutana na kivumishi kile. Sharubu nilimwotesha mimi. Msichana wa kidato cha pili alikuwa amemtazama yule mzee usoni kwa makini kuliko mimi niliyelipwa kumtazama.

Tulichunguze neno lenyewe. Shina lake ni whisk, lenye maana ya mwendo wa kupangusa upesi, kufagia, kupunga. Kile kifaa cha nyaya cha kupigia mayai huitwa hivyo. Na kile kitu alichozoea kukipunga Mzee Kenyatta mikutanoni, ambacho kila Mkenya anakijua kwa picha hata kama alizaliwa baada ya 1978, Kiingereza hukiita fly whisk. Sisi tunakiita usinga. Sasa sikilizeni masikio yenu wenyewe: usinga, na nywele za singa. Nywele na chombo cha kupunga vimeketi katika neno moja. Waingereza walifika pale pale kwa njia yao: kitu kinachopunga kikawa whisker, na whisker akahamia usoni mwa mtu. Nilipoliona hili nilisimama kutoka mezani nikatembea chumbani, kwa sababu lugha mbili zisizo na udugu wowote zilikuwa zimetazama mkia wa mnyama na uso wa binadamu zikaona jambo moja.

Lakini neno hilo la Kiingereza halikutulia usoni. Katika karne ya 17 lilikuwa likitajwa kwa nywele za juu ya mdomo, zile tunazoziita sharubu. Halafu likatelemka na kupanuka, na kufikia karne ya 19 Mwingereza aliyesema whiskers kwa kawaida alimaanisha nywele za mashavuni. Ndiyo maana kamusi yangu haikusema uongo. Ilinipa maana moja kati ya kadhaa, nami nikaichukua bila kuuliza ni ya mwaka gani.

Niwape nyuso mbili za watu mashuhuri mzikumbuke.

Wa kwanza ni Ambrose Burnside, jenerali wa Marekani katika vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, aliyefariki mwaka 1881. Tafuteni picha yake mkirudi nyumbani. Kidevu kimenyolewa kikang'aa. Lakini kutoka masikioni nywele nene zinateremka mashavuni na kuungana na sharubu, kama mkanda wa manyoya uliozungushwa usoni. Watu waliziita kwa jina lake, burnsides, halafu midomo ikaligeuza jina hilo, nyuma likawa mbele, likawa sideburns, na hadi leo kinyozi wa Marekani analitumia bila kujua kwamba anamtaja jenerali.

Wa pili ni Abraham Lincoln. Tarehe 15 Oktoba 1860, wiki tatu kabla ya uchaguzi, msichana wa miaka 11 aitwaye Grace Bedell, wa mji mdogo wa Westfield katika jimbo la New York, alimwandikia barua. Alimwambia kwamba uso wake umekonda mno na angependeza akiziacha whiskers zimwote. Alimwahidi pia kwamba ana kaka wanne, baadhi watampigia kura vyovyote vile, na waliobaki atawashawishi yeye mwenyewe. Lincoln alimjibu siku nne baadaye kwamba hajawahi kuwa nazo, na je, watu hawataona ni upuuzi akianza sasa? Alizianza. Februari 1861, treni yake ilipokuwa ikimpeleka kuapishwa, ilisimama Westfield, naye akauliza msichana yule yuko wapi. Alikuwa na ndevu kidevuni na mashavuni, na mdomo wa juu mtupu kabisa, kama mnavyomwona kwenye noti ya dola 5.

Wekeni picha hizo mbili pamoja. Mmoja ana sharubu na hana ndevu za kidevu. Mwingine ana ndevu za kidevu na hana sharubu. Kiingereza kinawaita wote wawili whiskered, bila kosa. Hapo ndipo kivumishi hiki kinapomtega mfasiri: kinakwambia kuna nywele usoni, hakikwambii ziko wapi.

Na Kiswahili? Kiswahili hakikubali kunyamaza juu ya mahali. Tuna sharubu juu ya mdomo. Tuna ndevu, zilizofungamana na kidevu kiasi kwamba shina ni lile lile: udevu mmoja, ndevu nyingi, kidevu zinapoota. Ni shina la kale la Kibantu. Mkikuyu anasema nderu, Mshona wa Zimbabwe anasema ndebvu, na Mzulu anapotaja kidevu chake husema isilevu. Na kwa zile za mashavuni kamusi zetu zina neno sharafa, ambalo nalipenda, ila nikilitamka mjini hapa watu hunitazama wakisubiri maelezo. Kwa msomaji wa Nairobi naandika ndevu za mashavuni, namwona anaelewa, naendelea.

Sharubu lenyewe linastahili dakika mbili. Limetoka Kiarabu, kwenye shina la kunywa. Sharib ni kinachokunywa: zile nywele ambazo ukiinua kikombe zinaanza kunywa kabla yako. Kwenye shina hilo hilo tumepata sharubati, na tumepata kitenzi kusharabu, kama kitambaa kinavyosharabu maji. Fikirini basi juu ya wakili wangu na mchuzi wake. Angekuwa na sharubu kweli, tone lile lisingekaa juu ya mdomo likisubiri kidole; sharubu zingelinywa. Jibu la swali la msichana yule lilikuwa ndani ya neno nililolitumia, limelala humo karne nyingi, nami sikulisikia.

Kuna jambo la pili, nalo kwangu ni zito zaidi, kwa sababu linagusa kile mnachoambiwa darasani. Mnaambiwa Kiswahili kina upungufu wa vivumishi. Kwamba tuna -refu na -fupi, -zuri na -baya, -eusi na -eupe, na orodha inaisha mapema, kisha tunaomba msaada kwa -enye na -a unganifu na virejeshi. Kwamba Mwingereza anasema neno moja, bearded, na sisi tunahitaji mawili, mwenye ndevu. Nimewahi kusikia jambo hili likielezwa kwa sauti ya msiba. Naomba mniruhusu nilikatae.

Tazameni kwanza -enye inafanya kazi gani. Mwenye nyumba ni anayeimiliki. Mwenyeji ni mwenye mji. Mtu mwenye ndevu basi ni mtu ambaye ndevu ni zake, anazimiliki. Maneno hayo mawili yana mtu na ana kitu mkononi. Kiingereza kinachukua beard kinaibandika kiambishi cha mwisho kile kile kinachobandikwa vitenzi vilivyokwisha kutendeka. Nimesahihisha tafsiri za wanafunzi walioandika "aliyendevuliwa", wakidhani kuna aliyemtenda. Hawakuwa wajinga. Walisikia kitenzi mahali ambapo Kiingereza kimevaa tu nguo ya kitenzi.

Na vitenzi ndipo utajiri wetu ulipo. Nendeni kwa kinyozi mkasikilize. Mimi nina kinyozi wangu katika kibanda kimoja cha mabati, nje kumechorwa vichwa vitatu vya rangi ya mafuta, ndani kuna viti viwili, kioo kirefu, redio, na mashine zimening'inia kwa waya zake kama samaki. Jumamosi iliyopita aliniketisha, akanifunga kitambaa shingoni, akanishika kidevu kwa vidole viwili akakiinua kwenye mwanga. Hakusema "wewe ni mtu wa ndevu". Alisema, "Mzee, hizi tunatoa ama tunapunguza?"

Nikamwambia, "Leo ziache."

"Ah, sasa unafuga?"

Kufuga! Kitenzi kile kile cha kufuga kuku, kufuga ng'ombe, kufuga nyuki. Ndevu zinafugwa: zinalishwa subira, zinapakwa mafuta, zinachanwa, zinachungwa zisitoroke mpaka. Aliyefuga ndevu amekusudia. Lakini kuna yule ambaye ndevu zimemwota tu, kwa sababu amefiwa, amelazwa hospitali, au hajalala nyumbani wiki nzima. Na kuna kijana ambaye ndevu ndiyo kwanza zinachomoza, kwa kitenzi tunachokitumia kwa jua. Watu watatu hao, katika kivuli cha kivumishi kimoja cha Kiingereza, wanaweza kuitwa bearded wote. Kiingereza kina unshaven kwa yule wa pili, nakubali, na kina stubble kwa vile vishina vya siku mbili tatu, ambalo ni jina la mabua yanayobaki shambani baada ya kuvuna; ni taswira nzuri na nimeionea wivu. Lakini anayeandika "mwanamume mwenye ndevu" kila anapokutana na bearded amekataa kujibu swali ambalo Kiswahili kinamuuliza: zilifugwa, au ziliota?

Msichana wa kidato cha pili aliuliza kwa kitenzi. Alinyoa lini? Hakuuliza kwa nini kivumishi kimebadilika. Mtoto aliyelelewa katika lugha hii anaona ndevu kama jambo linalotendeka, lina mwanzo, lina wembe, lina siku.

Hata methali yetu ya wembe inajua hilo. Mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Zako zipi? Nywele, au ndevu? Methali haisemi, inatuachia upatanisho peke yake, zako, na kila mzee anayeitamka anajishika mahali tofauti, mmoja kichwani, mwingine kidevuni. Jaribuni kuipeleka Kiingereza. Mtalazimika kuchagua, na mkichagua mtakuwa mmepunguza. Nasema hivi ili msidhani kwamba ni Kiingereza tu kinachoficha mahali. Kila lugha ina pembe yake ya giza, na mfasiri anakaa hapo.

Nirudi kwenye kosa langu, kwa sababu nilipolichunguza niligundua kwamba nywele zilikuwa sehemu yake ndogo. Sharubu kwa sikio la Kiswahili si nywele tu. Tunasema mtu ameshika sharubu za simba, tukimaanisha amemchokoza asiyechokozwa. Tunasema nyumba ile ni ya kambare, baba ana sharubu, mama ana sharubu, mtoto ana sharubu: kila mtu mkubwa, hakuna wa kumsikiliza mwenzake. Sharubu ni amri. Sharubu ni ubabe. Wakili wa riwaya ile alikuwa mzee mwoga, anayegonga mlango mara mbili na kuomba radhi kwa kugonga. Nilipompa sharubu nilimpa na ukali ambao hakuwa nao, na nina hakika kuna wanafunzi waliosoma kurasa 75 wakimngojea afoke. Hakufoka. Wengi wao, naamini, walidhani hawakuielewa hadithi.

Kwa njia, Kiingereza nacho kina simba wake, ila kinamshika ndevu. Biblia yao ya mwaka 1611 inamfanya Daudi amwambie Sauli kwamba alimshika simba kwa beard yake, na mpaka leo kumkabili mkubwa nyumbani kwake ni to beard. Hapo kuna kitenzi cha kweli. Mkikutana nacho msitafute wembe. Semeni tu amethubutu kumshika simba sharubu, na msomaji wenu ataruka kwenye kiti.

Wanyama wengine nitawapita upesi. Kambare huyo huyo kwa Kiingereza ni samaki-paka, kwa sababu ya sharubu zile zile, na hapo tafsiri inaenda sawa. Ngano na shayiri zenye miiba mirefu kwenye masuke Kiingereza huziita bearded, na sisi tuna ndevu za mahindi, ijapokuwa zetu ni laini na zao zinachoma. Lakini mkienda Naivasha mtamwona ndege mweupe wa kijivu akirukaruka juu ya maji, ni aina ya buabua, na vitabu vya ndege vinamwita whiskered tern. Mtazameni kwa darubini. Hana unywele hata mmoja usoni. Wakati wa kuzaliana anavaa kofia nyeusi, tumbo linakuwa la kijivu kilichokolea, na kati ya hivyo viwili unabaki mstari mweupe shavuni. Mstari huo ndio whiskers zake. Aliyempa jina alikuwa anafikiria mashavu ya mabwana wa karne ya 19. Mfasiri atakayeandika "buabua mwenye sharubu" atawapeleka watoto ziwani kutafuta kitu kisichokuwepo. Mimi naandika "buabua mwenye mashavu meupe".

Sasa nije nyumbani kabisa, hatua chache kutoka hapa, kwenye Bunge letu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Charles Njonjo, aliyekuwa Mwanasheria Mkuu kwa miaka mingi na wakati huo ni waziri, alilipa jina kundi la wabunge vijana waliokuwa wakiihoji serikali bila kuchoka: the seven bearded sisters. Miongoni mwa waliohesabiwa humo ni James Orengo, Koigi wa Wamwere, Mwashengu wa Mwachofi na Chelagat Mutai. Kiswahili kikapata "dada saba wenye ndevu". Neno kwa neno, hakuna kilichopotea. Lakini mwulizeni kijana wa miaka 20 maana yake, na mtaona kwamba kila kitu kimepotea.

Kivumishi kile hakikuwa juu ya nywele. Chelagat Mutai alikuwa mwanamke, na mbunge tangu mwaka 1974 akiwa na miaka 20 na kitu tu. Ndevu hakuwa nazo. Ndevu katika kinywa cha Njonjo zilikuwa ndevu za Karl Marx na za Fidel Castro, zilikuwa siasa za mrengo wa kushoto zilizokuwa zikizungumzwa Chuo Kikuu cha Nairobi. Na neno dada lilitupwa kwa wanaume ili kuwashusha. Dhihaka yote ilikaa kwenye mgongano wa maneno mawili hayo. Koigi alitiwa kizuizini mwaka 1982. Chelagat Mutai alikimbilia Tanzania. Kwa hiyo mtu akiniletea makala ya historia na kuandika "wabunge saba wenye ndevu" kama anayetoa hesabu ya nyuso, namrudishia. Namwomba aongeze sentensi moja, moja tu, inayosema ndevu zile zilikuwa za nani. Watu waliteseka chini ya jina hilo, na siku hizi linatajwa kwa heshima. Haliwezi kuachwa lisomwe kama tangazo la kinyozi.

Sauti ya neno nayo muiangalie. Bearded ni neno tulivu, linafaa katika taarifa ya polisi na katika zaburi. Whiskered lina harufu ya kabati la zamani. Mwandishi wa leo akilitumia kwa mtu aliye hai, ama anamchora kama mzee wa picha za zamani, ama anamfananisha na paka. Bewhiskered linazidi hapo, lina kicheko cha upole ndani yake. Kiswahili kinaweza kubeba tofauti hizo, ila si kwa kivumishi. Tunabadilisha ukubwa: ndevu, madevu. Tunabadilisha mpangilio. Mkumbuke zaburi ya 133, mafuta yale mazuri "yashukayo ndevuni, ndevu za Haruni". Hakuna kivumishi hata kimoja juu ya ndevu hizo. Neno limerudiwa, limetiwa -ni ya mahali, na tunaona mafuta yakiteremka polepole mpaka kwenye upindo wa mavazi. Wafasiri wale walijua walichokuwa wakikifanya.

Mnaniuliza nifanyeje basi, mwalimu, nikiwa na kurasa 300 na tarehe ya mwisho ni Ijumaa? Fanyeni alichofanya kinyozi wangu. Mshikeni mtu huyo kidevu mkiinue kwenye mwanga. Someni mbele: je, kuna mahali anapokunywa, anapobusu, anaponyolewa, anapolia? Machozi hupita shavuni, na msomaji atataka kujua yamepita kwenye ngozi au kwenye nywele. Angalieni mwaka wa hadithi. Askari wa jeshi la Uingereza kabla ya Oktoba 1916 alikatazwa na kanuni kunyoa mdomo wa juu, kwa hiyo mkikutana naye katika hadithi ya vita vya Tanga vya mwaka 1914 au vya Taita vya mwaka 1915, kitabu kisiposema chochote, huenda sharubu zipo. Na mkiwa hamna dalili yoyote, tumieni neno lisilodanganya. Ndevu ni pana kuliko sharubu. Nikiwa gizani naandika ndevu.

Nilimwandikia barua yule msichana kupitia kwa mwalimu wake wa Kiswahili. Nilimweleza habari za mashavu, na za Burnside, na nikamwambia kwamba mzee yule hakunyoa kamwe, mimi ndiye niliyekosea. Sikupata jibu, wala sikulitegemea. Alikuwa na mitihani. Mchapishaji niliwaandikia pia, nikawapa sahihisho, wakaniahidi kwamba litaingia katika toleo la pili.

Toleo la pili halijatoka. Nimekuja na nakala yangu, hii hapa, mtaweza kuishika baadaye. Ukurasa wa 12 nimekata maneno mawili, "mwenye sharubu", na juu yake nimeandika kwa penseli: "aliyefuga ndevu mashavuni, mdomo ameunyoa". Nakala nyingine nilizozikuta katika maduka ya vitabu vya mitumba nimezinunua na kuzisahihisha hivyo hivyo, kisha nikazirudisha rafuni kwa wenye maduka bure. Mpaka sasa nimefikisha 31.